Kuhusu Ile Ndege Ndogo ya Kaka Yako

Nyumba ya nne kutoka kona,
Mlango wenye picha ya mkasi.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa shemeji,

Nakusalimu sana, na kabla hujajiuliza huu ni mwandiko wa nani, ni mimi, mke wa kaka yako, yule mshonaji. Hujambo lakini? Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho nilisikia unavaa mkanda wa kiunoni kazini. Natumai umeshautupa, au kama hujautupa basi mmezoeana. Mkeo hajambo? Na mabinti? Yule mkubwa atakuwa amemaliza chuo sasa, kama hesabu zangu hazijaruka mwaka.

Mimi nipo, mzima. Macho yananisumbua kidogo kwenye kutunga uzi, basi nimenunua sindano zenye tundu pana na kujifanya kwamba ndizo nilizokuwa nazitaka siku zote. Goti la kukanyagia cherehani linalia asubuhi, likishapata moto linanyamaza. Chakula nakula, usingizi ni hivyo hivyo. Namshukuru Mungu.

Najua barua hii imechelewa. Ni miezi kumi na sita tangu tumzike kaka yako, na muda wote huo mimi na wewe tumekaa kimya kama watu waliogombana, ilhali hatujagombana. Au tumegombana na mimi ndiye sikuambiwa. Nakueleza wazi maana haya zimenipungua: sijui kama bado mnanihesabu upande wenu. Aliyetuunganisha ameondoka, na hakuna aliyeniambia kama na mimi nimeondoka naye. Jambo hili limenikaa kooni, na ndilo lililonishikisha kalamu, ingawa ukiendelea kusoma utaona naandika habari za ndege tu.

Nyumba iko vilevile. Ukuta ni ule ule wa kijani uliousema kwamba unamfanya mtu ajione mgonjwa. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na kiti chake kipo karibu na mlango wa ua, ila nakiwekea vitambaa vya wateja ili kisionekane kitupu. Kazi ninayo: sare za shule, suruali za kupunguza kiuno, na siku hizi zaidi za kuongeza. Wateja wanaingia, wanapimwa, wananisimulia mambo yao kidogo, wanaondoka. Wakishaondoka nasikia hadi saa ya ukutani.

Nimeanza kuzisemesha nguo zilizotundikwa. Juzi niliikemea suruali ya mwalimu mkuu kwamba kiuno chake hakina adabu. Nikacheka peke yangu, kisha nikanyamaza ghafla, maana niliisikia sauti yangu mwenyewe. Nina upweke, shemeji. Neno hilo sijalitamka mbele ya mtu yeyote, hata binti yetu simwambii, maana akilisikia kesho yake atakuja na gari kunihamisha.

Binti yetu hajambo. Bado yuko hospitalini kwake, muuguzi wa zamu, na hunipigia kila Jumapili akiwa anatembea kwenda kazini, kwa hiyo sehemu kubwa ya maongezi yetu ni pumzi zake na honi za magari. Yeye ndiye aliyenisukuma nipange vitu vya baba yake. Aliniambia, "Mama, ile rafu usiigeuze kaburi la pili." Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikapanda kwenye kiti nikaanza kushusha maboksi.

Rafu yenyewe unaijua. Unajua pia kwamba mtaa mzima ulimwita Rubani, mtu ambaye hakuwahi kupanda ndege hata mara moja na aliogopa hata ngazi ya kubadilishia taa. Asubuhi alitengeneza mizani za maduka, jioni alirusha ndege za rimoti kiwanjani, na katikati alikula. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na mimi nilikuwa nikiyalalamikia kila siku. Sasa nimepanda kwenye kiti, mikono imejaa vumbi, sina wa kumlalamikia.

Nilikuta mabawa ya ndege kubwa, chupa za mafuta zilizokauka, gundi iliyogeuka jiwe. Nilikuta na ile nyekundu, vipande vyake vyote. Nitaifikia hiyo, usiogope. Chini kabisa palikuwa na daftari la mistari, na ukurasa wa mwisho ulioandikwa una kichwa cha herufi kubwa: NDEGE NDOGO, NAFASI FINYU. Tarehe yake ni wiki tatu kabla moyo wake haujasimama.

Mwandiko ni ule wake wa kubana, kana kwamba karatasi zinauzwa kwa mstari. Ameandika uzito usizidi gramu themanini pamoja na betri. Mabawa yawe mapana na mwili mwembamba. Iweze kwenda mwendo wa mtu anayetembea haraka bila kuanguka, na iweze kugeuka ndani ya mita tano. Rafadha, ile feni inayoivuta, isiwe puani. Hapo amepiga mstari mara mbili. Kisha chini ameandika nafasi yenyewe: mita kumi na nane kwa kumi na moja, juu mita sita, nguzo mbili.

Nikaelewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Kile kiwanja cha mpira alichokuwa akirushia kilikuwa kimeshazungushiwa mabati, na leo ni maghala tu. Nikasema maskini, alikuwa anajitafutia ndege ya kurusha humu uani kwetu. Nguzo mbili nikajua ni zile za kamba ya kuanikia nguo. Mita sita nikajua ni mwisho wa kupanda, isije ikaingia kwa majirani. Na mimi unanijua, sijawahi kuacha nguo bila pindo. Nikasema kazi hii ameiacha katikati, nitaimaliza.

Basi nikaenda dukani, daftari mkobani, na ule mzani wake mdogo wa mkononi. Ni duka la vifaa vya michezo. Ndege ziko nyuma kabisa, baada ya mipira. Muuzaji ana maneno mengi kuliko bidhaa. Kwanza akaniletea moja yenye sura ya kivita, pua nyembamba kama sindano, mabawa mafupi yamelala nyuma. Akasema inakwenda kama risasi. Nikamuuliza ikikutana na ukuta inafanyaje. Akasema, "Mama, wewe unaiwahi kabla haijafika." Nikairudisha mahali pake kwa mikono miwili.

Halafu akaleta kile chombo chenye feni nne kinachoelea chenyewe. Akakiachia hapo dukani, kikabaki kinaning'inia hewani usawa wa uso wangu, kinanitazama. Akasema hicho hakina shida hata kidogo, unaweza kwenda kunywa chai ukirudi utakikuta pale pale. Nikakitazama kinavyojitosheleza. Nikamwambia asante, vitu visivyonihitaji ninavyo vya kutosha nyumbani. Hakunielewa, na sikumlaumu.

Ya tatu ilikuwa na mabawa ya ghorofa, moja juu ya lingine, na nyuzi zimekazwa katikati. Nakiri hiyo ilinishika kwa jinsi ilivyofungwa vizuri. Inakwenda polepole pia, maana ina mabawa mengi ya kushika hewa. Lakini feni iko puani, na kaka yako alikuwa amepiga mistari miwili. Nilipoizungusha mkononi nikaona sababu: ikigonga ukuta, cha kwanza kuvunjika ndicho kinachoiendesha, na ukuta kwenye nafasi ndogo utaugonga tu, mara leo mara kesho.

Mwishowe nikaiona niliyoitaka, iko kwenye boksi lenye vumbi, na muuzaji hakuwa hata na hamu ya kunionyesha. Ni mbaya wa sura, shemeji, sikufichi. Imetengenezwa kwa ile sponji ngumu nyeupe wanayofungia televisheni mpya. Mabawa mapana kama ubao wa kupigia pasi, mwili kijiti tu, feni imekaa mgongoni inatazama nyuma. Nikatoa mzani. Muuzaji akauliza, "Mama, unanunua ndege au unanunua nyanya?" Nikamjibu kwamba nyanya ningepima kwa macho. Ikatoka gramu sabini na nne, betri ikiwa ndani. Rimoti yake ina vijiti viwili, kimoja cha mota na kingine cha mkia, basi. Nikajisikia kama mtu aliyefaulu mtihani wa mwingine.

Jumamosi iliyofuata niliamka mapema, kabla upepo haujaanza, nikaanua nguo zote kwenye kamba. Moyo ulikuwa unanidunda kama wa mwali. Nikasukuma kijiti, nikaiachia. Ilikwenda vizuri sana kwa muda wa kusema "haya basi", kisha ikavuka ukuta. Baada ya kitambo jirani yetu fundi bomba akachomoza kichwa. "Mama, kuna mgeni wako amelala kwenye tangi langu." Akanirudishia kwa heshima zote, bawa la kushoto limepasuka.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la kishonaji. Nilichukua kile kitambaa kigumu cha kutia ndani ya kola, nikakata kufuata umbo la bawa, nikakigandisha juu na chini. Upande wa pili nao nikafanya hivyo hivyo, ili usionewe. Kingo nikazizungushia utepe wa njano, na mkia nao nikautia pindo. Ilipendeza hata nikaiweka katikati ya meza nikaizunguka. Nikaipeleka uani. Mota ikalia kwa uchungu, ndege ikatambaa chini kama kuku aliyeshiba, ikafika kwenye ndoo, ikakalia mkia.

Nikaipima. Gramu mia moja na kumi na nane. Maisha yangu yote nguo ikichanika naongeza: kiraka, kitambaa cha ndani, mshono wa pili. Kumbe huku kila unachoongeza ni mzigo wa kubebwa. Nikakaa nikafumua vyote, nikabakiza utepe mmoja mwembamba wa gundi kwenye ufa. Najua unacheka. Kaka yako angecheka mpaka akae chini, halafu angenitania mwaka mzima mbele ya wateja.

Nikarudi kwenye daftari nikasoma vizuri. Ameandika kwamba ndege ukiiweka juu ya ncha za vidole viwili chini ya mabawa itulie, isiinamie pua wala mkia. Yangu ilikuwa inainamisha mkia. Nikasogeza betri mbele upana wa kidole gumba, ikatulia. Nilisimama jikoni nimeshikilia ndege kwa vidole viwili kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikitamani mtu apite anione.

Basi ikaruka. Iliinuka vizuri, ikatii, ikageuka pale nilipotaka. Lakini ikimaliza kugeuka, ukuta umeshafika. Nilijaribu Jumamosi nne mfululizo. Iligonga kuta zote, ikagonga nguzo ya kamba, mara moja ikanigonga mimi kisogoni. Siku ya nne nikakasirika, nikasimama katikati ya ua nikamsema marehemu kwa sauti. Nikamwambia, wewe mtu wa mizani, wewe uliyenipimia hata chumvi, umeniandikia nini hapa? Fundi bomba akafunga dirisha lake polepole, kwa adabu.

Nikavua tepu shingoni nikapima ua. Shemeji, ni aibu kubwa. Mimi ambaye napima watu kwa riziki yangu nilikuwa nimenunua ndege bila kupima ua. Nikapata mita tisa na robo kwa saba. Nikapima tena. Tisa na robo kwa saba.

Kumi na nane kwa kumi na moja ni karibu mara tatu ya ua wetu. Sasa nikalichukua daftari na kulisoma kama ninavyolitazama shati lililosahauliwa dukani bila jina. Nipe shati lolote, nitakwambia mwenyewe ana mwili gani na anasimamaje. Huyu mwenye vipimo hivi ana nafasi ndefu. Ana paa, maana "juu mita sita" si mwisho wa kupanda bali ni dari. Na nguzo zake, nilikuwa nimesoma haraka kwa kiherehere changu, zimeandikwa ziko katikati, mita sita toka moja hadi nyingine. Zangu ziko pembeni. Nguo hii haikukatiwa mwili wangu hata kidogo.

Ndipo nikaikumbuka simu. Utaikumbuka na wewe. Ilikuwa mchana, yeye amesimama mlangoni pa ua, mimi niko kwenye cherehani. Hakukusalimia hata salamu ya nusu. Alikuuliza ule ukumbi wa chini ya jengo lenu, ule mnaochezea tenisi ya mezani, una urefu gani. Akauliza dari iko juu kiasi gani. Akauliza, "Nguzo ziko ngapi?" Kisha akasema "Haya," akakata. Nilimuuliza mna sherehe gani, akanijibu ni mambo yenu. Nawe nadhani ulibaki na simu sikioni ukishangaa, ukaona ni kaka mtu na vituko vyake.

Shemeji, ndege hii alikuwa anakuchagulia wewe.

Sasa niifikie ile nyekundu. Mwaka ule wa mwisho uliokuja, kaka yako alikupa rimoti kwa mkono wake, jua likakuingia machoni, na ndege aliyoijenga miezi minane ikaenda kupiga mwamba wa goli. Nilikuwepo. Nilisikia alichokuambia mbele ya watu wote wale, kwamba usiguse tena kitu chake maisha yako yote. Niliuona na uso wako. Kesho yake uliondoka kabla ya chai, na tangu hapo simu zenu zikawa hujambo sijambo, hadi hiyo ya nguzo, na baada ya hiyo hapakuwa na nyingine. Najua uliondoka na maneno yale na najua bado unayo.

Basi nikuambie kitu ambacho mke tu ndiye anakijua. Katika miaka thelathini na miwili ya ndoa sikuwahi kumsikia yule mtu akisema samahani. Mdomo wake haukuwa na neno hilo. Akinikosea, asubuhi naamka nakuta mkasi wangu umenolewa. Tukigombana sana, nakuta cherehani imepakwa mafuta na mguu wa meza umekazwa. Sikuambiwa lolote, na mimi sikuuliza lolote, nilikata kitambaa tu na mkasi unateleza, basi yamekwisha. Kwako alikuwa amefika kwenye gramu themanini na nguzo mbili. Zilibaki wiki tatu tu, naye hakujua.

Kabla sijakuandikia nilitaka kuhakikisha. Fundi bomba alikuwa na kazi kwenye shule ya jirani, siku ya Jumamosi, akanifungulia ukumbi wao. Hauna nguzo, basi nikapanga viti katikati, mafungu mawili, mita sita kwa tepu. Nikaiachia ndege. Shemeji, sijui nikuelezeje. Ilikwenda taratibu, mota inanong'ona tu, ikaenda hadi mwisho wa ukumbi ikageuka bila kuhangaika, ikarudi. Ikapita katikati ya viti. Ikazunguka mara sita, na hakuna ilichogusa. Kila alichoandika kilikuwa kweli.

Nikageuka kusema, "Umeona?"

Hapakuwa na mtu. Fundi bomba alikuwa chooni chini ya sinki na spana zake. Nilizima mota, ndege ikashuka yenyewe ikateleza sakafuni hadi miguuni pangu, na mimi nikakaa kwenye fungu moja la viti nikalia kama mtoto, kwa sauti, hadi yule jirani akatokea mlangoni na bomba mkononi, akasimama, akarudi zake. Ni mtu mwema.

Hiyo ilikuwa mwezi wa pili, na leo ni Juni. Unastahili kujua kwa nini nimekaa na habari yako miezi minne.

Sababu ya kwanza ni uchoyo. Mtu akishafariki hakuletei kitu kipya tena. Unabaki na vile vya zamani unavirudia rudia hadi vinachakaa. Hii ilikuwa mpya. Nilikuwa na kitu kutoka kwake ambacho sikuwahi kukijua, na nilipojua ni chako nikakikumbatia zaidi.

Sababu ya pili ni mbaya kuliko hiyo. Nilikuwa nakukomoa. Siku ya msiba ulinipigia unalia, ukasema uko mbioni kutafuta tiketi. Mimi nikakujibu nini? Nikakwambia usihangaike. Nikakwambia safari ni ndefu, na mgongo wako, na kazi yako, tutamzika tu sisi tuliopo. Nililisema kwa sauti ya kiungwana kabisa, kwa sababu ndivyo mtu anavyosema. Nawe ukanisikiliza. Kisha nikasimama pale makaburini macho yangu yakiwa barabarani, nina uhakika kabisa utatokea, maana kwetu sisi anayeambiwa usihangaike ndiye anayehangaika zaidi. Watu waliponishika mkono kunirudisha nyumbani, bado nilikuwa natazama nyuma. Nimekukasirikia miezi kumi na sita kwa kosa la kunitii.

Nilipaswa kukwambia njoo. Nilikuwa sina mtu pale aliyemjua alipokuwa mdogo. Nilitaka mmoja tu anayefanana naye masikio asimame upande wangu. Nikashindwa kulisema, nikakupa adabu badala yake, na wewe umeishi na mawili: maneno ya kaka yako na maneno yangu. Ya kwake ameyafuta mwenyewe, nimekuonyesha daftari lilivyo. Ya kwangu nayafuta hapa. Nisamehe, shemeji. Unaona mimi nimelitamka, hata mkasi sijanoa.

Binti yetu anashauri niifunge ndege kwenye boksi niipeleke posta. Nimemkatalia. Ni yako, na betri nimeitoa isiharibike, na lile bawa la ufa limeshikana. Lakini kwa posta haitoki humu ndani.

Nisalimie sana mkeo, mwambie yale mapazia aliyoyasifia ninamwekea kitambaa chake. Nisalimie mabinti wote wawili, mkubwa na yule mcheshi. Wasalimie na hao wenzako wa tenisi ya mezani, uwaambie wajiandae kupisha meza. Jirani fundi bomba anakusalimu ingawa hakujui; anasema mimi namwaga habari zako hadi anaona anakujua. Binti yetu naye anakuamkia, baba mdogo, kwa pumzi zake za njiani.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe afya ya mgongo, akufungulie ruhusa kazini na akutangulie safarini.

Maana safari hii sikwambii usihangaike. Hangaika, shemeji. Omba likizo, gombana na wakubwa wako, azima mkoba wa mtu, ukae vibaya kwenye kiti saa zote hizo, uje.

Wako anayekupenda, na anayekungoja,

Shemeji yako.